Sumu Iliyokuwa na Bei

Siku moja hapa Nsambya nilikuwa na vijana wa kikundi chetu, tunaongea mambo ya maji na kipindupindu. Mmoja akainua mkono: "Kaka, nguo chafu tunafua. Maji ya jerikeni tunachemsha. Sasa hii maji ya chini ya ardhi ikichafuka, inafuliwa wapi?" Wenzake wakacheka. Mimi sikuwa na jibu, nikamwambia nitatafuta.

Nilichopata kiko Kasese. Wengi wetu tuliotoka Beni na Butembo tulipita pale tukishavuka mpaka wa Mpondwe. (Mimi nilipita nimelala juu ya mizigo.)

Juu ya Kasese, kwenye milima ya Rwenzori, kuna Kilembe. Mgodi wake wa shaba ulianza kutoa mali mwaka 1956, mwaka uleule reli ya kutoka Kampala ilipofika Kasese. Shaba ilienda Jinja kuyeyushwa kwa umeme wa Owen Falls. Lakini mawe ya Kilembe yalikuwa pia na pairaiti, yale madini yanayong'aa kama dhahabu ya uongo, na ndani yake kobalti. Pairaiti hiyo ikarundikwa Kasese chini. Miaka ya 1970 mgodi ulidhoofika, mwanzoni mwa miaka ya 1980 ukasimama. Wafanyakazi wakaondoka, rundo likabaki: kama tani milioni moja hivi.

Pairaiti ikipata mvua na hewa inazaa asidi. Kuna bakteria wadogo sana wanaoishi kwa kula chuma na salfa, hao ndio wanaoharakisha kazi. Asidi inabeba kobalti, shaba na nikeli, inashuka nazo kwenye vijito na udongoni. Kutoka kwenye rundo mpaka ndani ya hifadhi ya Malkia Elizabeth, upande wa Ziwa George, ukabaki ukanda wa ardhi iliyoungua, haina hata nyasi.

Mwaka 1999 kiwanda cha Kasese Cobalt Company kikaanza kazi. Nilisoma hapa mara mbili, maana sikuamini: walitumia bakteria wa aina hiyohiyo! Tofauti ni kwamba waliwafungia ndani ya matangi, wakawapulizia hewa, wakawalisha pairaiti. Kobalti ikatoka ndani ya maji ya asidi, ikachukuliwa. Asidi ikatulizwa kwa mawe ya chokaa. Mwaka 2013 kazi ikaisha, na lile rundo nalo likawa limeisha.

Sasa tusidanganyane. Hawakuja kwa sababu ya maji. Walikuja kwa sababu ya kobalti, ambayo sisi Wakongomani tunajua bei yake vizuri kuliko mtu yeyote. Kule juu Kilembe yalibaki mabaki ya mgodi yasiyo na mnunuzi, kando ya mto Nyamwamba. Mafuriko ya Mei 2013, na tena ya Mei 2020, yalipita humohumo. Watafiti wakapima maji ya bonde lile, wakakuta bado yana metali za mgodi.

Na sisi Kampala? Uchafu wa chemchemi zetu hauna kobalti. Ni vyoo vya shimo, watu wengi na bonde lenye maji karibu na uso wa ardhi. Kipindupindu cha 1997 na 1998 kilipiga mitaa ya mabondeni, na hata leo mwisho wa mwezi, hela ya bomba ikikata, mimi mwenyewe nashuka na jerikeni chemchemini.

Nilimweleza yule kijana yote haya. Akanyamaza kidogo, halafu: "Kaka, hao bakteria wanakula choo?" Nikasema hao hapana, hapa ni kunyonya mashimo kabla hayajajaa na kutochimba mengine juu ya chemchemi. Jumamosi tulishuka wote kupima. Kutoka bomba la chemchemi mpaka choo cha kwanza ni hatua kumi na nane. Tumeandika kwenye daftari, na Jumatatu napeleka kwa mwenyekiti wa mtaa.