Mukuru mwaka 2000: Neno 'mchanganyiko' lilipotupungukia

Juzi mwanafunzi wangu aliniuliza: "Prof, 'mchanganyiko' na 'mmumunyo' si ni kitu kimoja tu?" Nilimwambia aketi, maana jibu lake halianzii kwenye kamusi. Linaanzia Mukuru.

Mwezi wa Novemba mwaka 2000, katika vijiji vya Mukuru vilivyojibana nyuma ya viwanda vya Industrial Area, Nairobi, watu walikunywa pombe haramu iliyoitwa kumi kumi. Jina lilitokana na bei: shilingi kumi kwa glasi. Zaidi ya watu 100 walikufa. Mamia walilazwa hospitalini, na baadhi ya walionusurika walibaki vipofu. Wakati huo nilikuwa mhadhiri wa kawaida tu, nikipita Enterprise Road kwa matatu. Nakumbuka makanga alivyotuambia kwa sauti ya chini: "Huko ndani watu wamekata maji ya mwisho."

Redio zilitangaza kuwa pombe ile 'ilichanganywa na kemikali'. Si uongo. Lakini hebu tulipime neno hilo, msomaji wangu. Githeri ni mchanganyiko: mahindi unayaona, maharagwe unayaona, na mwenye subira anaweza kuyachambua. Busaa nayo ni mchanganyiko: machicha hutuama, na mama pima huyachuja. Kwa hiyo anayesikia 'imechanganywa' hudhani kwamba jicho, pua au chujio vitamwokoa.

Kilichokuwa ndani ya kumi kumi kilikuwa methanoli, nayo haikukaa humo kama maharagwe kwenye githeri. Ilikuwa imeyeyuka. Ndiyo maana wanasayansi wanaotumia Kiswahili husema mmumunyo, au myeyusho. Katika mmumunyo, chembe za kiyeyushwa husambaa ndani ya kiyeyushi hadi kila tone linafanana na jingine. Hazituami hata ukingoja mwaka. Hazichujiki hata kwa kitambaa kizito. Sukari ina kikomo chake: ukizidi kuitia kwenye chai, mwishowe itabaki chini ya kikombe. Methanoli haina kikomo hicho. Huingiana na maji, na pia na ethanoli, ambayo ndiyo kileo chenyewe, kwa kiwango chochote kile.

Wanywaji walikuwa na kipimo chao: washa kiberiti, ikishika moto ni safi. Masikini! Ethanoli huwaka, methanoli nayo huwaka. Zote mbili hazina rangi, na harufu zake zinakaribiana. Methanoli huchemka kwenye nyuzi 65 za selisiasi na ethanoli kwenye 78, lakini tofauti hiyo haimsaidii mtu aliyeshika glasi gizani. Ikishafika mwilini, ini huigeuza kuwa asidi fomiki, na asidi hiyo ndiyo inayoshambulia neva ya macho.

Mwaka 2010 sheria mpya, ambayo wengi waliiita Sheria ya Mututho, iliihalalisha chang'aa kwa masharti ya utengenezaji na ufungaji. Hata hivyo, Mei 2014 zaidi ya watu 60 walikufa katika kaunti kadhaa kwa pombe yenye methanoli. Na methanoli haitatoweka, kwa sababu viwanda vinaihitaji: ni kiyeyushi cha rangi na vanishi. Ina kazi yake halali, ila si kwenye koo la mtu.

Sasa turudi kwenye lugha. Kitenzi 'yeyuka' tunakitumia kwa barafu inayogeuka maji na pia kwa sukari inayopotelea kwenye chai, ilhali hayo ni mambo mawili. Lakini mtoto akiweka peremende mdomoni, tunasema anaimumunya. Peremende inapungua na kutoweka, ila utamu wake umeenea kwenye mate yote. Huo ndio mmumunyo: kitu kimepotea machoni, lakini kipo kizima katika kila tone.

Nilimwambia mwanafunzi wangu kwamba laiti tangazo la mwaka ule lingesema 'sumu imemumunyika humo, haionekani, haichujiki, wala kiberiti hakiwezi kuifichua', pengine mtu mmoja angeiweka glasi chini. Hata huyo mmoja angetosha kulifanya neno hilo listahili kufundishwa.