Uzi Uliwao na Mwili

Msomaji, ikiwa umepata kupita Kibera au Kawangware, wajua jinsi vichochoro vya huko vilivyo vyembamba. Katika vingi gari la wagonjwa haliingii. Mtu akikatwa mshipa mkubwa na bati, aweza kufa kwa dakika chache, hata kama hospitali i jirani.

Kibera ni neno la Kinubi, Kibra, yaani msitu. Mwaka 1918 serikali ya Kiingereza ilitangaza kuwa mahali hapo ni ardhi ya jeshi, nao walioishi humo walikuwa askari Wanubi wa King's African Rifles. Askari wajua shida ya kitambaa cha kufungia jeraha: damu ikikauka hugandamana nacho, na siku ya kukibandua kidonda hutoneshwa, damu ikatoka upya.

Baadhi ya wazee wa Wanubi walifika kwetu kwa njia ya Uganda. Huko, katika nchi ya Bunyoro, mwaka 1879, Mwingereza Robert Felkin alimwona mganga akimpasua mwanamke aliyeshindwa kujifungua. Mishipa iliyovuja iliguswa kwa chuma cha moto. Tumbo likafungwa kwa pini saba za chuma na kamba ya magome ya mti, likapakwa mizizi iliyotafunwa, likafunikwa kwa jani la mgomba lililopashwa moto, kisha likazungushiwa nguo ya magome. Siku ya kumi na moja jeraha lilikuwa limepona, na mama na mtoto wote hai. Fikiri, msomaji: mbali na chuma, vitu vyote hivyo vilitoka shambani, na vikitupwa huoza.

Lakini pini zilitaka kung'olewa. Miaka kumi kabla ya hapo, mwaka 1869, Joseph Lister alikuwa ametangaza huko Uingereza habari za uzi wa utumbo wa mnyama, uliotiwa dawa ya kuua vijidudu. Ulifunga mshipa, kisha mwili wenyewe ukaula pole pole. Kwangu mimi hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote katika habari hii. Katika miaka ya 1940, Virginia Frantz wa New York alionyesha kwamba hata pamba, ikigeuzwa kwa kemia, huzuia damu ndani ya mwili kisha ikayeyuka. Ikafuata sifongo ya jelatini. Baadaye maganda ya kamba wa baharini yakatoa kitosani, ambayo askari wa Marekani waliichukua vitani Iraki na Afuganistani.

Vitu hivyo havijafika katika kila duka la dawa la Kawangware. Aliye kichochoroni ana leso tu. Basi kunja leso safi, ukandamize jeraha kwa nguvu. Ikilowa, usiibandue upate kuchungulia. Ongeza nyingine juu yake, uzidi kukandamiza mpaka mgonjwa afike kwa daktari.