Milima Ndiyo Iliyoamua: Kabichi za Brussels na Bustani za Bujumbura

Wabelgiji waliiteka Usumbura mwaka 1916, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, wakaufanya mji huo makao ya utawala wao wa Ruanda-Urundi hadi Burundi ilipopata uhuru tarehe 1 Julai 1962 na mji ukaitwa Bujumbura. Katika miaka hiyo waliacha alama nyingi: Kifaransa maofisini, mitaa iliyogawanywa kwa rangi ya watu, viwanda kama cha bia cha Brarudi kilichoanzishwa mwaka 1955, na mtaa ambao hadi leo unaitwa Zone Industrielle. Hata hivyo, mboga iliyobeba jina la mji mkuu wao duniani kote, yaani kabichi ndogo za Brussels, haikuzoeleka katika bustani za nyumbani za wafanyakazi wa viwanda hivyo, wala katika mitaa ya Buyenzi na Ngagara. Jibu jepesi ni kwamba wenyeji hawakuipenda. Mimi nashikilia kwamba ladha haikupata hata nafasi ya kupiga kura: joto la kando ya Ziwa Tanganyika lilikuwa limekwisha kuamua.

Mmea wenyewe ndio shahidi wa kwanza. Huinuka kwa shina moja nene, hufika kiunoni mwa mtu, na kwenye kila kikwapa cha jani hutokeza kichipukizi kinachojikunja kikawa kabichi ya ukubwa wa jozi. Mkulima huvuna kuanzia chini akipanda juu, akikata majani kadiri anavyokwenda. Kazi hiyo huchukua miezi kadhaa, na inahitaji ubaridi wa nyuzi 15 hadi 18 za Selsiasi hivi ili vichipukizi vifunge sawasawa. Barafu ya usiku huko Ulaya huviongezea utamu, kwa kuwa mmea hugeuza wanga wake kuwa sukari. Joto likizidi, vichipukizi hufunguka, hulegea na kuwa vichungu. Sasa Bujumbura iko ukingoni mwa ziwa hilo, karibu mita 775 juu ya bahari, na wastani wa joto lake ni kama nyuzi 24 mwaka mzima. Mmea huo ungestawi majani tu, huku wadudu wa kabichi, ambao huzaliana haraka penye joto, wakijilia.

Atakayepinga atasema: mbona kabichi ya kawaida, ambayo ni ya jamii hiyohiyo, inauzwa kila soko la Bujumbura? Hoja hii ndiyo inayonipa nguvu. Panda barabara ya kwenda Muramvya hadi Bugarama, kama mita 2,200 juu ya bahari, uone kabichi, karoti na liki zimepangwa kando ya lami. Kwa kanuni ya kawaida kwamba joto hupungua nyuzi sita na nusu hivi kwa kila mita 1,000 unazopanda, Bugarama ina baridi inayoizidi Bujumbura kwa nyuzi 9. Mboga hizo nazo zililetwa na wageni, na watu wamezipokea kwa mikono miwili, kama walivyoipokea mihogo, mahindi na maharage kutoka Amerika. Ugeni haukuwa kizuizi. Wataalamu wa wakoloni wenyewe waliufuata mwinuko: taasisi yao ya utafiti wa kilimo, INEAC, iliyoundwa mwaka 1933, iliyashughulikia mazao ya baridi kule Kisozi, katika milima ya Mwaro, na tambarare ya Imbo, iliko Bujumbura, ikabaki na pamba. Taasisi ya taifa, ISABU, iliurithi mpangilio huo baada ya uhuru.

Wapo pia watakaosema kwamba mbegu za kisasa, kivuli na umwagiliaji vinaweza kubadili mambo. Mbegu iliyoboreshwa hupunguza siku za kungoja, na kivuli hupunguza ukali wa mchana, lakini usiku wa Bujumbura hubaki na joto. Mtu mwenye kipande cha ardhi nyuma ya nyumba, anayelipia maji ya bomba, atakuwa ametumia nusu mwaka na ndoo zisizohesabika kwa mavuno haba. Kipande hichohicho kikipandwa lengalenga, yaani mchicha, mbegu zake ndogo zikichanganywa na mchanga ili zisirundikane, huanza kuvunwa baada ya wiki tatu au nne. Ukichuma ncha za juu, mmea huchipua tena pembeni. Ni mboga inayofurahia jua lilelile linaloiharibu kabichi ya Brussels, na ina madini ya chuma, chokaa na vitamini A.

Ndiyo maana naona ni kosa kuiita lengalenga mboga ya maskini na kuitukuza ile ya Ulaya. Historia ya bustani za Zone Industrielle ni historia ya watu walioisoma hali ya hewa yao vizuri kuliko jina lililoandikwa kwenye pakiti ya mbegu. Anayetaka kabichi za Brussels azijaribu Bugarama au Kisozi, ambako baridi itamsaidia. Kwa bustani za mtaa wa viwanda, cha kupigania ni maji safi na udongo usio na taka za viwandani, kwa sababu lengalenga hufyonza metali nzito kwa wepesi. Manispaa ikipima udongo na maji hayo, familia za wafanyakazi zitakula mboga zao bila hofu.