Kericho Kabla ya Chai: Viumbe wa Zama za Miosini

Ukishuka Kapsoit, kando ya barabara ya Kericho kwenda Kisumu, utaona chai mpaka macho yachoke. Chai ni mgeni pale, haijatimiza hata miaka 150. Mwenyeji ni ule udongo mwekundu, uliotokana na mawe ya volkano za zama ziitwazo Miosini.

Miosini ilianza takriban miaka milioni 23 iliyopita, ikaisha miaka milioni 5.3 iliyopita. Dinosaria walikuwa wametoweka zamani. Bonde la Ufa lilikuwa likijipasua, na mlima Tinderet, kaskazini ya Kapsoit, ukitema moto na majivu. Majivu yaliwafukia wanyama, na mifupa yao ikageuka mawe. Mabaki hayo ndiyo tuyaitayo visukuku.

Ushahidi uko Fort Ternan, humo humo Kaunti ya Kericho. Mifupa ilionekana katika shamba la mkulima Fred Wicker, na mwaka 1961 Louis Leakey akaanza kuchimba. Hapo alipatikana mnyama wa jamii ya sokwe wa miaka milioni 14 hivi, akaitwa Kenyapithecus wickeri. Wapo pia twiga wenye shingo fupi, na kifaru Paradiceros mukirii, aliyepewa jina la Heslon Mukiri, Mkenya aliyechimba na Leakey miaka mingi. Mnyama mwengine wa jamii ya swala anaitwa Kipsigicerus, kutokana na Wakipsigis wenyewe. Hata nyasi zilizogeuka mawe zimeonekana.

Meswa Bridge, upande wa Muhoroni, ni kukongwe zaidi, kama miaka milioni 22. Huko alikuwapo mla nyama mkubwa kuliko simba yeyote wa leo. Jina lake la kisayansi ni la Kiswahili chetu: Simbakubwa kutokaafrika. Si simba, ni wa ukoo mwengine uliokwisha kabisa. Taya lake lilikaa miongo kadhaa katika makumbusho ya Nairobi, ndipo mwaka 2019 likatangazwa kuwa ni la mnyama asiyejulikana.

Sisi Waislamu tumehimizwa tutembee katika ardhi tutazame uumbaji ulivyoanza. Basi yasitupite haya tukidhani ni mambo ya Wazungu na ya bara. Mawe ya matumbawe yaliyojenga nyumba za Mji wa Kale, Mombasa, nayo yalikuwa viumbe hai baharini, ingawa ni machanga mno mbele ya Miosini.

Hasara ni kuwa sururu ya machimbo haichagui. Jiwe lenye mfupa likishapondwa kokoto, limekwenda na habari yake. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya mwaka 2006 inamtaka anayevumbua kitu cha aina hiyo aripoti. Ukiona mfupa ndani ya jiwe, iwe Kapsoit au Kilifi, usiung'oe. Piga picha, weka alama, uwaite watu wa makumbusho.