Kuku wa Batavia

Historia ya elimu ina mashujaa wa namna nyingi. Wako waliovuka bahari wasizozijua, wako waliokesha kwa taa wakisoma, na wako waliofungwa kwa kusema yaliyo kweli. Insha hii yasimulia habari za mashujaa ambao hawakujua kuwa ni mashujaa: kuku waliofugwa katika ua wa hospitali ya jeshi mjini Batavia, kisiwani Java, mwaka 1889. Mji huo leo waitwa Jakarta. Kwa sababu ya kuku hao wanadamu walijifunza kwamba mtu aweza kula akashiba kila siku, na bado akafa kwa upungufu wa chakula.

Ugonjwa uliowashughulisha wataalamu wakati ule uliitwa beriberi. Aliyeshikwa nao huanza kwa ganzi ya miguu. Kisha nguvu humwishia, akatembea kwa kuyumba, na mwisho asiweze kusimama. Wengine huvimba mwili, moyo huenda mbio, pumzi huwa fupi, na mauti huweza kuwafikia ghafula. Java na Sumatra zilikuwa chini ya utawala wa Uholanzi, na tangu mwaka 1873 majeshi ya Uholanzi yalikuwa yakipigana na watu wa Aceh, kaskazini mwa Sumatra. Katika vita hivyo askari wengi waliangushwa na beriberi pasipo kuguswa na risasi.

Jambo la kustaajabisha ni mahali ugonjwa huo ulipopenda kukaa. Ulionekana sana kambini, melini, gerezani na machimboni. Vijijini ulikuwa wa nadra. Mwanakijiji alijitafutia riziki yake kwa jasho, naye askari alipikiwa na serikali. Lakini aliyepikiwa ndiye aliyeugua. Wote wawili walikula wali. Tofauti yao ilikuwa katika kinu. Kijijini wanawake walitwanga mpunga kwa mchi na kuupepeta kwa ungo, na mchele wao ulibaki na sehemu ya lile ganda jembamba linaloifunika punje. Lakini katika nusu ya pili ya karne ya 19 zilienea mashine za mvuke za kukobolea. Mchele wa mashine ulitoka mweupe kama pamba. Ulipendeza machoni, tena ulidumu ghalani na safarini pasipo kuharibika upesi. Wakubwa wa majeshi na magereza wakaupendelea. Wahenga walisema kweli: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Katika zama zile wataalamu wa Ulaya walikuwa na furaha kubwa ya kugundua vijidudu viletavyo maradhi. Mwaka 1882 Robert Koch alitangaza kijidudu cha kifua kikuu, na wengi wakaamini kuwa kila ugonjwa una kijidudu chake. Kwa imani hiyo, mwaka 1886 serikali ya Uholanzi iliwatuma mabingwa wawili, Pekelharing na Winkler, waende Batavia kukitafuta kijidudu cha beriberi. Pamoja nao alikuwako daktari kijana wa jeshi, Christiaan Eijkman, aliyezaliwa mwaka 1858. Mabingwa waliporejea kwao mwaka 1887, Eijkman aliachwa aendelee na kazi katika maabara ndogo iliyokuwa hospitalini.

Eijkman alichukua kuku, akawadunga vitu vilivyotolewa katika miili ya wagonjwa, kisha akangoja. Katika Julai 1889 kuku walianza kuyumba, miguu ikalegea, wakaanguka ubavu. Daktari angeweza kushangilia. Lakini alitazama akaona kwamba hata kuku ambao hakuwadunga kitu wameugua vilevile. Alidhani wameambukizana, akawatenga wengine mahali pa mbali. Nao pia waliugua. Mwishoni mwa Novemba maradhi yalikoma ghafula, na waliokuwa wagonjwa wakapona. Sasa hapakuwa na ugonjwa wa kuchunguza.

Mwenye kiburi angeliacha jambo hilo lipite. Eijkman aliuliza swali ambalo hata mfugaji wa kijijini angeliuliza: kuku hawa walikula nini? Jawabu lilikuwa jepesi. Mtunzaji wao, kwa kubana matumizi, alikuwa amechukua wali mweupe uliopikwa katika jiko la hospitali akawalisha tangu 17 Juni. Kisha akaja mpishi mpya, ambaye hakukubali wali wa jeshi utolewe kwa kuku wasio wa jeshi. Tangu 27 Novemba kuku walirudia mchele wao wa zamani, usiokobolewa sana. Hivyo ukali wa mpishi mmoja ulifungua mlango ambao darubini za mabingwa zilikuwa zimeshindwa kuufungua.

Eijkman hakuridhika na bahati. Aliwalisha kuku wengine mchele mweupe, wakaugua. Akawapa mchele wenye ganda lake, wakawa wazima. Akawapa wagonjwa pumba zilizotoka mashineni, wakapona. Lakini je, lililo kweli kwa kuku ni kweli kwa mtu? Alimweleza habari hizo Adolphe Vorderman, mkaguzi wa afya katika Java. Magereza hayakuwa na chakula cha namna moja, kwani kila mahali wafungwa walilishwa kwa desturi ya upande ule. Vorderman alichunguza magereza 101, yenye wafungwa karibu 280,000. Katika magereza 37 yaliyotumia mchele wenye ganda, beriberi ilionekana katika 1 tu. Katika 51 yaliyotumia mchele mweupe, ilionekana katika 36. Yakihesabiwa kwa watu, mfungwa mmoja katika kila 39 aliugua kwa mchele mweupe. Kwa mchele wenye ganda alikuwa mmoja katika kila 10,000. Tukumbuke kwamba wafungwa hawa hawakuchagua kilichowekwa katika sahani zao. Waliokufa, walikufa kwa chakula walichoamriwa kula.

Hata hivyo sababu yenyewe ilikuwa bado gizani. Eijkman alidhani kwamba ndani ya mchele mna sumu, na kwamba ganda ni dawa ya kuizima. Mwaka 1896 aliugua akarudi Uholanzi, na kazi ikashikwa na Gerrit Grijns. Huyu aliwalisha kuku nyama iliyopikwa kwa moto mkali sana, wala si wali, nao wakaugua vilevile. Basi sumu ya mchele ilitoka wapi? Tena aliona kwamba pojo, ambazo wengine huziita ndengu, huzuia maradhi hayo. Mwaka 1901 alieleza kwamba hapana sumu yoyote: katika vyakula vya asili mna kitu kidogo ambacho mishipa ya fahamu haiwezi kukikosa bila kudhurika. Mwaka 1912 Casimir Funk, aliyefanya kazi London, alivipa vitu vya namna hiyo jina ambalo leo kila mwanafunzi alijua: vitamini. Mwaka 1926 Jansen na Donath, katika mji uleule wa Batavia, walifaulu kukitenga kitu hicho katika pumba za mchele. Mwaka 1936 Robert Williams wa Marekani alitangaza namna ya kukitengeneza. Ndicho vitamini B1.

Eijkman alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1929 pamoja na Mwingereza Frederick Gowland Hopkins. Alikuwa mgonjwa asiweze kwenda kuipokea, na mwaka uliofuata akafariki. Grijns, aliyeisema sababu iliyo sahihi, hakushirikishwa tuzo hiyo. Na wanawake wa vijiji vya Java, ambao michi yao ilikuwa imelinda nyumba zao kwa vizazi vingi, hawakutajwa. Si kwamba walijua siri ya vitamini, hawakuijua. Lakini desturi yao ilikuwa na faida ambayo haikuonekana mpaka ilipoachwa.

Katika habari hii yako mambo mawili ya kushika. Desturi ya wazee haifai kutupwa kabla ya kuchunguzwa, wala haifai kusifiwa kabla ya kuchunguzwa. Yapasa kupimwa, kama Vorderman alivyopima magereza moja moja. Na mashine si adui: iliondoa ganda kwa haraka, na elimu ikafundisha namna ya kurudisha kilichoondolewa. Tangu mwaka 2012 sheria ya Kenya inawataka wasagaji waongeze vitamini na madini katika unga wa mahindi na wa ngano unaouzwa katika pakiti. Miongoni mwa vitamini hizo imo B1, ileile iliyowarudishia kuku wa Batavia nguvu za miguu. Utakapoona maandishi madogo ubavuni mwa pakiti ya unga, yasome. Yana historia ndefu.