Ukolezi wa Metali Mtoni

Mpishi akisema chumvi imekolea, hatuambii ametia vijiko vingapi. Anazungumzia chumvi iliyomo kwa kadiri ya mchuzi uliopo. Kitenzi hicho ndicho kilichozaa istilahi ukolezi: uzito wa kitu katika ujazo fulani, kama miligramu kwa lita. Baadhi ya waandishi huweka "mkusanyiko wa metali". Siupendi msemo huo, msomaji atadhani shaba imerundikana mahali.

Chukua mto Kafue, unaopita katika migodi ya shaba na kobalti ya mkoa wa Copperbelt, Zambia, kabla ya kuingia Zambezi. Mvua za huko hunyesha kuanzia Novemba hadi Aprili. Tuseme mfereji wa mgodi unatoa gramu 1 ya shaba iliyoyeyuka kila sekunde, mwaka mzima. Mto ukipitisha mita za ujazo 20 kwa sekunde, shaba hiyo inatia miligramu 0.05 katika kila lita. Ukifurika hadi mita za ujazo 400, inashuka hadi 0.0025. Mgodi haujapunguza kitu; mto umezimua tu. Kile kinachopita kwa sekunde, yaani ukolezi mara mtiririko, tukiite shehena, na shehena hapa ni ileile gramu 1.

Lakini mvua haizimui kila kitu. Kiangazi, maji hukauka juu ya topesumu, yaani tope la mabaki ya mgodi, na kuacha ukoko wa chumvi za metali. Mvua za kwanza huuyeyusha na kuusukumia mtoni kabla maji hayajawa mengi. Baadaye mafuriko huvuruga mashapo, na Kafue hapo una mambo yake: miamba yenye kabonati ya eneo hilo hupoza asidi, hivyo shaba nyingi hunata kwenye tope badala ya kubaki imeyeyuka. Ndiyo maana maabara huchuja maji kwa kichujio cha mikromita 0.45. Kinachopita huhesabiwa kimeyeyuka, kinachobaki kimebebwa na chembe za udongo. Maji ya Februari yasipochujwa yanaweza kuonyesha shaba nyingi kuliko ya Septemba. Yakichujwa, huenda ikawa kinyume chake.

Ukiletewa ripoti yenye namba moja tu ya ukolezi, uliza ilipimwa mwezi gani, mto ulikuwa na maji kiasi gani, na kama maji yalichujwa.