Baiskeli ya Mstaafu na Njia ya Wapagazi

Wahenga walisema tembea uone. Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya kutembea kwa baiskeli, tena kwa watu wa umri wangu, sisi tuliokwisha kukabidhi ofisi.

Hapa mjini mzee akionekana juu ya baiskeli watu humhurumia. Pale Kivukoni, karibu na soko la samaki, kijana mmoja aliniuliza kama mafao yangu bado hayajatoka. Kwake baiskeli ni chombo cha muuza samaki, siyo cha mstaafu. Lakini katika miaka ya karibuni wapo watu wanaoendesha baiskeli kutoka Dar es Salaam hadi Butiama, katika msafara uitwao Twende Butiama, kumkumbuka Mwalimu Nyerere. Na Mwalimu mwenyewe, mwaka 1967, akiwa na miaka 45, alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza kuliunga mkono Azimio la Arusha. Alikuwa Rais, na gari alikuwa nalo.

Mimi na wenzangu wawili, wastaafu pia, tumechagua njia fupi zaidi: Kivukoni hadi Bagamoyo, kiasi cha kilometa 70. Tunaondoka alfajiri kabla magari hayajachangamka. Tunapumzika Kunduchi, penye makaburi ya kale yenye nguzo, kisha Kaole, penye magofu ya misikiti ambayo mmoja wao ni wa karne ya 13.

Ukipita kwa gari, hayo yote ni vibao vya barabarani tu. Kwa baiskeli unaiona nchi yenyewe na kuelewa sababu za mambo. Kivukoni unaacha mlango mwembamba wa bahari, na ndani yake maji ya kina yaliyotulia. Bagamoyo unakuta ufuko ulio wazi, na maji yakipwa mchanga unaenea mbali. Ndipo unapofahamu kwa nini Sultani Majid wa Unguja alianza kujenga mji mpya hapa Mzizima katika miaka ya 1860, na kwa nini Wajerumani, walioanza na makao yao Bagamoyo, walihamia Dar es Salaam mwaka 1891. Jahazi huweza kukalia mchanga. Meli kubwa haiwezi. Reli iliyoanza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 ikafika Kigoma mwaka 1914, na enzi ya misafara ya miguu ikafikia mwisho.

Misafara hiyo ilitoka Ujiji, safari ya kilometa zipatazo 1,200. Mpagazi, mara nyingi Mnyamwezi, alibeba mzigo wa karibu frasila mbili, yaani kama kilo 32, kwa miezi mingi. Katika njia hiyo hiyo walipitishwa pia watu waliofungwa minyororo.

Ndiyo maana jina la Bagamoyo lina tafsiri mbili. Wako wasemao ni mpagazi aliyetua mzigo akapumzisha moyo. Wengine husema ni mateka aliyeuacha moyo wake bara kabla ya kupandishwa jahazi kwenda Unguja. Mimi sioni haja ya kuchagua, kwa kuwa njia ilikuwa moja na wote wawili waliipita. Nikifika pale miguu ikitetemeka, najua nimechoka kwa hiari yangu na kwamba kesho nitarudi kwangu. Mpagazi naye aliweza kutumaini kurudi. Mateka hakuwa na tumaini hilo. Tofauti hiyo niliisoma vitabuni nikiwa kijana, lakini nimeielewa uzeeni.

Wastaafu wenzangu, hapana budi kwanza mkapime presha na kumwuliza daktari. Anzeni na kilometa tano, vaeni fulana zinazong'aa, tena msiende peke yenu. Madereva nao watuachie nafasi, na wale walioegesha bodaboda katika njia za baiskeli wakumbuke kwamba zilijengwa kwa ajili ya watu.

Aidha, mkiweza, mchukueni mjukuu mmoja. Baraza ni mahali pazuri pa kusimulia historia, lakini mtoto aliyefika Kaole kwa nguvu za miguu yake hataisahau.